Sumaku ya Friji

Nimekuja na sumaku yenye umbo la limau,
niliyoibandua kwenye friji ya mama mkwe kule Asti,
nikaivisha kipande cha fulana kuukuu isije ikachuna rangi.
Vyombo vingine: tochi, bisibisi, gazeti la kulalia,
na pua.

Ottavia Ramello ananifungulia banda la mahindi.
Nje ukungu umemeza milima yote.
Ndani, chini ya shuka lililotariziwa herufi za arusi ya mtu,
Lancia Fulvia ya mwaka sitini na nane,
buluu ya wino wa shule.
"Ya kaka yangu Nevio. Tulimzika Machi.
Nitajie bei, na usinionee huruma."

Mimi sianzi na bei. Naanza na mianya:
ule mstari kati ya mlango na ubavu,
je, unashuka sawasawa kama uzi wa timazi
au unapanuka chini, kama mdomo wa mtu mwenye la kusema?
Naanza na harufu. Zulia lililowahi kulowa halisahau,
na halinuki kama panya, wala kama petroli iliyolala miaka.
Naanza na kanyagio la klachi:
mpira umelika hadi chuma,
na dashibodi inaapa kilomita elfu arobaini na moja.
Unyayo haujui kudanganya. Mita inajua.

Wateja wangu wa Milano husikia injini ikinguruma, wakalegea.
Nawaambia, injini hufumuliwa, ikafumwa upya.
Nunueni bodi. Kromu ni wanja tu.
Wananiitikia, macho yako kwenye usukani wa mbao.

Nalala juu ya matokeo ya mpira ya Jumapili,
namulika fremu ya mbele, ile inayobeba injini.
Fulvia nyingi hufia hapo.
Nagonga kwa mpini wa bisibisi.
Ngo. Ngo. Ngo.
Chuma kizima huitika kama mtu aliyeitwa kwa jina lake;
kilichooza hunung'unika.
Hiki kimeitika.
Namba ya chasisi na ya kwenye kadi ni ndugu.
Euro elfu ishirini na mbili, nasema moyoni,
naandika kwa penseli.

Kisha limau.
Juu ya taa ya nyuma, inang'ata.
Chini kidogo, inang'ata.
Nyuma ya gurudumu la kushoto
inateleza, inaanguka kwenye vumbi.

"Hapa paligongwa," nasema.
"Pamejazwa pati, upana wa kiganja na nusu.
Aliyepiga msasa alikuwa na subira. Jicho halioni kitu."

Ottavia anakaa juu ya gunia.
"Ni mimi. Agosti, mwaka sabini na nne.
Miaka kumi na saba, leseni sina,
nikarudi kinyumenyume hadi kwenye nguzo ya lango la kanisa.
Nevio akasema, nenda kalale.
Asubuhi gari zima, linang'aa, yeye macho mekundu.
Baba alikufa hajui.
Mkwaruzo tu, Nevio aliniambia. Mkwaruzo!"

Pati hupunguza elfu tatu. Ndivyo soko lilivyo,
na fomu yangu haina safu
ya kuandikia kaka aliyekesha.
Nafuta, naandika kumi na tisa.
"Na neno pati uliandike," anasema. "Liandike wazi."

Nakunja gazeti. Yeye ameshaichukua sumaku,
anazunguka gari polepole,
anaijaribu hapa na pale kama anayepima homa.
Paa, inang'ata. Bawa la mbele, inang'ata.
Ubavu wa kulia, karibu na kizingiti cha mlango,
limau linaanguka.

Tunalitazama sote wawili.
"Huku," anasema, "sikuwemo mimi."

Anainama, analiokota, analifuta kwa aproni,
analirudisha palepale, taratibu,
kama anayebisha hodi.